Fasihi Ng'ambo, Ng'ambo Yenyewe Juba

Ukiambia mbogi ya campo umepata nafasi ya kusoma fasihi ng'ambo likizo hii, wanakuombea koti. Ukitaja Juba, wanakuombea tu.

Mimi nilikuwa na sababu zangu. Kila msee wa fasihi Nairobi anajua stori ya 1968, vile Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza pale chuoni ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati. Hiyo tunaisherehekea ka goli letu sisi wenyewe. Chenye tunaruka ni kwamba Taban alikuwa ametoka Iowa, Marekani, Mwafrika wa kwanza kupata digrii ya uandishi pale, na baadaye akafunza Chuo Kikuu cha Juba. Sasa mbona sisi huwa tunangoja viza ya majuu?

Agosti huku ni mvua, manze. Mitaa ya ndani ya Gudele, hapa Juba, inageuka matope, raksha (tuktuk ya huku) inateleza, na nduthi inakuacha mbali na lango ukatembee na viatu mkononi. Halafu simu inakaa mfukoni. Kupiga picha barabarani bila kibali ni ngori ya ukweli. Kwa msee amezoea kuposti hadi mandazi, hiyo ni rehab ya bure. Ilibidi nimenunua daftari, na nikaanza kuskiza watu vile wanabonga.

Na wanabonga! Darasani mtu anaanza na Kiingereza, anakata kona na Kiarabu cha Juba, utani unakam na Kibari. Katiba ya 2011 ilisema Kiingereza ndiyo lugha rasmi, lakini vita ilikuwa imehamisha hadi chuo chenyewe kikaenda Khartoum miaka mingi, so kuna kizazi kizima kilisomea kwa Kiarabu. Cheki Stella Gaitano: mfamasia, mzaliwa wa Khartoum, damu ya Kusini, na riwaya yake Edo's Souls aliandika kwa Kiarabu. Huku hakuna mtu anaweza kukushow hiyo si fasihi ya Sudan Kusini.

Siku ya kwanza dem mmoja alisimama akauliza, "Ustaz, nimesoma kwa Kiarabu, kazi natafuta kwa Kiingereza, na mama ananigombeza kwa Kibari. Niandike na gani?" Ustaz akamwambia asome kwanza chenye ameandika, kubishana ni baadaye. Akasoma. Ilikuwa zote tatu kwa ukurasa mmoja, na hakuna mtu alitaka apunguze. Nairobi tungekuwa bado tunapiga mdahalo na makaratasi mkononi.

Mapumziko ni kwa mama wa chai kando ya barabara, viti vidogo vya plastiki, kahawa ya tangawizi kutoka kwa jebena (birika la kahawa). Ful (maharagwe) inakuja sahani moja na kila mtu anachovya mkate. Ukingoja uwekewe yako pekee, utalala njaa.

Zamu yangu ikafika nikasoma kitu ya Sheng, nikijua nitawapoteza. Chali mmoja nyuma akacheka kabla nifike kwa punchi. Kumbe amelelewa Kakuma, akamalizia shule Eastleigh. Tukitoka akanivuta kando: "Buda, stori iko rada. But hiyo Sheng yako ni ya wazee."