Neno dogo linalobaki nyuma

Mtu aliyezoea Kilatini na Kifaransa, akifungua buku la Kiingereza, kwanza anafurahi. Majina mengi anayatambua, na ile miisho ya verbo iliyomsumbua miaka mingi hakutani nayo tena. Kisha anafika mahali palipoandikwa «the souls prayed for», na mistari michache mbele «the saints prayed to», na hapo anasimama. «Souls» ni roho, «saints» ni watakatifu, «prayed» inatoka katika kusali au kuomba. Lakini «for» na «to» zinafanya kazi gani pale mwisho, peke yao, bila jina la kufuata?

Wengi wanazipita. Basi mtu akizipita, maneno yote mawili yanakuwa sawasawa: roho zilizoombwa, watakatifu walioombwa. Kumbe Kiingereza kimesema mambo mawili mbalimbali, na Kiswahili chetu kinayatenga vizuri kabisa: roho zilizoombewa, watakatifu walioombwa. Katekista atakayewaambia Wakristo kwamba tarehe 2 Novemba tunawaomba marehemu, badala ya kusema tunawaombea, amegeuza maana ya siku nzima, na amekosa kwa sababu ya neno la herufi tatu tu.

Jambo hili si la walimu wa lugha peke yao. Tangu mwaka 2022 inchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na si wachache kati ya mapadri na waseminari wetu wanaokwenda kusoma Nairobi au Kampala, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Mtu akirudi na mabuku, anaombwa kuyageuza kwa Kiswahili kwa faida ya makatekista. Ni vema ajue njia.

Tuanze na partisipi yenyewe, yaani neno linalotoka katika verbo na kufanya kazi ya sifa: «missus» kwa Kilatini, «envoyé» kwa Kifaransa, «sent» kwa Kiingereza. Katika Kilatini partisipi inalifuata jina lake kama mtumishi anavyomfuata bwana: «pueri missi», «epistulae missae». Mfaransa vilevile anaandika «les lettres envoyées», akitia alama ya kike na alama ya wingi. Sisi tunafanya hata zaidi: watoto waliotumwa, barua zilizotumwa, vitabu vilivyotumwa. Kiingereza hakitii alama hata moja. «A letter sent», «letters sent», «children sent», «books sent»: jina linapokea alama yake ya wingi, partisipi haitikisiki. Zamani Kiingereza nacho kilikuwa na miisho yake, lakini ilianguka kidogo kidogo, na kabla ya mwaka 1500 ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo usitafute wingi katika partisipi. Utafute katika jina peke yake.

Sasa lile neno dogo, ambalo wanasarufi wanaliita prepozisio: «for», «to», «on», «in», «of», «after», na mengine. Likifuata partisipi linaweza kutazama pande mbili. Angalia mfano huu: «the letters written to the Romans». Baada ya «to» limesimama jina, «Romans». Neno dogo linatazama mbele, na tunasema: barua zilizoandikwa kwa Warumi. Hapa hakuna shida, Kifaransa na Kiswahili vinafanya vilevile. Lakini geuza: «the Romans written to». Baada ya «to» hakuna kitu. Ndipo neno dogo linatazama nyuma, kwa lile jina la kwanza, na tunasema: Warumi walioandikiwa.

Basi ukikuta neno dogo baada ya partisipi, uliza mara moja: ni nini kinachofuata? Kikiwa jina, uliunge na jina hilo. Kikiwa verbo nyingine, au nukta, au neno «by», rudi nyuma.

Hapa ndipo Mwafrika ana bahati kuliko Mfaransa. Mfaransa hawezi kusema hivi kwa partisipi. Kwa «the sinners prayed for» analazimika kuzunguka: «les pécheurs pour qui on a prié». Mseminari anayegeuza Kiingereza kwanza kwa Kifaransa kichwani mwake, kisha kwa Kiswahili, anatembea safari ndefu bure, na njiani anapoteza mzigo. Kiswahili kina neno moja tayari: wakosefu walioombewa.

Wenye kupenda Kilatini watafurahi kuona lugha tatu zikifanya kazi moja kwa namna tatu. Kilatini kinasema «sancti invocati». Vunja neno hilo, utapata «in» na «vocati»: neno dogo limetangulia, likashikamana na verbo. Kiingereza kinasema «the saints called upon». «Called» ndiyo «vocati», na «upon» ndiyo ile «in», ila imebaki nyuma. Na sisi tunasema: watakatifu waliokimbiliwa. Ni kweli, sisi tumechukua mfano wa kukimbia, si wa kuita. Lakini angalia verbo inavyojengwa: kukimbia, kukimbilia, kukimbiliwa. Neno dogo letu limeingia tumboni mwa verbo. Mlatini analiweka mbele, Mwingereza analiacha nyuma, sisi tunalificha katikati. Ni ile «-i-» au «-e-» au «-li-» ya kutendea, ambayo mtoto wa miaka mitatu anaitumia bila kufundishwa anapomwambia mama: nipikie, niletee, nifungulie.

Ukikumbuka hilo, maneno mengi yaliyoonekana magumu yanafunguka. «The beds slept in»: vitanda vilivyolaliwa. «The chairs sat on»: viti vilivyokaliwa. «The dead wept over»: wafu walioliliwa. Pengine sisi tunampita Mwingereza: kutoka kufa tunapata kufia na kufiwa, na kusema «wajane waliofiwa» kwa neno moja. Mwingereza hapo hana njia ya neno dogo, inampasa kutafuta verbo nyingine kabisa.

Lakini tusifurahi upesi. Ile «-i-» yetu haisemi ni neno dogo gani. Mwingereza anatenga «the children written to», walioletewa barua, na «the children written for», ambao mtu ametunga buku kwa ajili yao, na tena «the children written about», ambao habari zao zimeandikwa. Ukisema «watoto walioandikiwa», umeyashika mawili ya kwanza pamoja, na la tatu limekuponyoka. Mwenye kugeuza lazima aongeze neno: watoto walioandikiwa barua, watoto waliotungiwa buku, watoto walioandikwa habari zao.

Tena kuna verbo ambazo neno dogo linazigeuza maana kabisa, na hapo kutafuta ile «-i-» hakufai kitu. «Look» ni mfano mwema. «The orphans looked at» ni yatima walioangaliwa. «The orphans looked for» ni yatima waliotafutwa. «The orphans looked after» ni yatima waliotunzwa. «The orphans looked down on» ni yatima waliodharauliwa, na hapa maneno madogo ni mawili. Verbo ya Kiingereza ni moja, yetu ni nne. Vilevile «the men sent» ni watu waliotumwa, lakini «the men sent for» ni watu walioitwa waje: wale wa kwanza wanaondoka, hawa wa pili wanakaribia! Maneno ya namna hii lazima kuyajifunza mazima, verbo pamoja na mkia wake, wala usiandike «look» peke yake katika daftari lako ukidhani umeimaliza.

Hatari nyingine ni «by». Hili linaonyesha mtendaji, kama «na» yetu: «the orphans looked after by the sisters», yatima waliotunzwa na masista. Maneno madogo mawili yanafuatana, «after by», na msomaji anadhani mpiga chapa amekosa. Hakukosa. La kwanza ni mkia wa verbo, la pili linamwongoza mtendaji. Yatenge kwa kalamu, utaona yote wazi.

Tena partisipi nyingi za Kiingereza zina sura moja na wakati uliopita. «Prayed» ni «walisali», na ni «-ombwa» pia. Soma haya mawili: «The saints prayed for the souls», na «The souls prayed for by the saints rejoice». La kwanza ni: watakatifu waliziombea roho. La pili: roho zilizoombewa na watakatifu zinafurahi. Tena: «The elders called on the chief», wazee walimtembelea chifu, lakini «The elders called on refused», wazee walioombwa walikataa. Katika mfano huu wa mwisho msomaji anafika «refused» na kushangaa kuona verbo ya pili. Hiyo verbo ya pili ndiyo shahidi wako. Sentensi ikiwa na verbo mbili zenye sura ya wakati uliopita, na hakuna «and» kati yao, mara nyingi ile ya kwanza ni partisipi.

Wengine watauliza kama huo si ulegevu wa lugha. Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1672 mtunga mashairi John Dryden, ambaye baadaye, siku za mfalme Yakobo wa Pili, akawa Mkatoliki, alilaumu desturi ya kumaliza sentensi kwa neno dogo, hata akaanza kusahihisha maandiko yake mwenyewe. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyepata kuwa askofu wa Kianglikana wa London, aliandika katika sarufi yake kwamba desturi hiyo inafaa katika mazungumzo ya kawaida, lakini katika maandiko ya heshima inapendeza zaidi neno dogo litangulie. Walimu wa shule wakageuza shauri hilo kuwa amri. Naona walipima Kiingereza kwa kipimo cha Kilatini. Hata hivyo, amri hiyo haiwezi kuigusa partisipi tunayoisema hapa. Jaribu kuliondoa «to» katika «the saints prayed to» ulipeleke mbele: hakuna pa kuliweka. Ukikuta maneno haya katika buku la teolojia, usiyahesabu kuwa kosa.

Limebaki jambo moja, na kwa mwenye kugeuza ndilo zito kuliko yote. Nimesema partisipi ya Kiingereza haina alama. Basi majina mawili ya wingi yakitangulia, ni lipi lenye partisipi? «The letters of the children replied to»: ni barua zilizojibiwa, au ni watoto waliojibiwa? Kiingereza kinaliacha swali wazi, na msomaji wake anaweza kupita bila kuamua. Sisi hatuwezi. Kiswahili kinatulazimisha kuandika «barua za watoto zilizojibiwa» au «barua za watoto waliojibiwa», na «zi» au «wa» ikishaandikwa, umeamua. Kwa hiyo kabla ya kuandika, soma mistari iliyotangulia na inayofuata. Ikiwa huko mbele wanahesabu barua, andika «zi». Ikiwa wanataja majina ya watoto na vijiji vyao, andika «wa». Na ukikuta «the mothers of the children prayed for», hata alama yetu haitakusaidia, maana mama na watoto wote ni wa «wa». Hapo ivunje sentensi: watoto walioombewa, pamoja na mama zao, au mama walioombewa, wale wenye watoto hao.