Hati za Uongo na Hukumu Zake

Wasomaji wetu wengi hustaajabu wasikiapo ya kuwa watu wawili wameshtakiwa kwa hati za uongo, mmoja akafungwa miaka mingi, na mwenziwe akaamriwa kufanya kazi ya umma pasipo kutiwa gerezani. Wengine hunong'ona ya kuwa pana upendeleo. Yafaa basi tueleze jinsi sheria ya Kenya inavyolipima jambo hili.

Kanuni za Adhabu, zilizoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1930 na zingali zikitumika, zasema ya kuwa kughushi ni kufanya hati ya uongo kwa nia ya kupunja au kudanganya. Adhabu ya kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini hati zote si sawa. Mtu akighushi wasia, hati ya kumiliki ardhi, hundi au noti ya fedha, sheria yaruhusu hata kifungo cha maisha, kwa kuwa karatasi moja ya namna hiyo yaweza kuwatoa yatima katika shamba la baba yao.

Kuna watu wakamatwao na kitambulisho cha uongo wakajitetea, "Sikukifanya mimi, nilikinunua tu." Maneno hayo hayawaokoi. Atumiaye hati kwa hila, hali akijua ya kuwa ni ya uongo, hustahili adhabu ile ile ya aliyeighushi. Tena akipata mali kwa udanganyifu huo, hilo ni kosa jingine, nalo lina kifungo chake kisichozidi miaka 3.

Lakini miaka hiyo ni mpaka wa juu, wala si kipimo cha kila mtu. Hakimu hutazama ukubwa wa hasara, hali ya aliyedhulumiwa, na kama mkosaji alivunja amana aliyopewa. Hutazama pia kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, na kama amerudisha mali. Tangu sheria ya mwaka 1998, mkosaji astahiliye kifungo kisichozidi miaka 3 aweza kuamriwa atumikie jamii badala ya kufungwa. Ndiyo maana hukumu za watu wawili hutofautiana.

Lakini kumfunga mwizi peke yake hakumrudishii mjane fedha zake. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mkosaji alipe fidia. Kwa hiyo aliyepunjwa asinyamaze. Na aweke stakabadhi na barua zote, amweleze mwendesha mashtaka hasara yake yote kabla ya hukumu kutolewa.

Twawasihi wasomaji wetu wasimwazime mtu kitambulisho, wala wasinunue shamba kabla ya kuuliza katika ofisi ya ardhi jina la mwenyewe lililoandikwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini aliyedanganywa huenda akatembea miaka mingi akitafuta haki yake.