Mwanga, Macho na Ngozi ya Mtoto

Leo tutaongea juu ya kitu ambacho kila nyumba inacho, nacho ni mwanga. Tutaongea pia juu ya watu ambao wengi wetu hatujawahi kuwasikia: wanasayansi ambao kazi yao ni kupima mwanga na kutuambia upi unatibu, upi unaunguza, na kwa kiasi gani.

Najua neno mionzi likitajwa wengi mnafikiria eksirei. Eksirei ni mionzi yenye nguvu sana, inapenya mwili hadi mifupa ionekane. Lakini mwanga nao ni mionzi. Uko mwanga tunaouona, wenye rangi zote za upinde wa mvua. Upande mmoja wa rangi hizo kuna miale ya joto, ile unayoisikia usoni ukikaa karibu na jiko. Upande wa pili kuna miale inayoitwa urujuanimno. Hii huioni wala huisikii, na ndiyo inayochoma ngozi mchana wa jua kali. Hii yote haipenyi mwili kama eksirei. Inaishia kwenye ngozi na kwenye macho, kwa hiyo madhara yake tutayaona huko huko.

Mwanasayansi wa usalama wa mwanga hadungi mtu sindano. Anashika kifaa cha kupimia na kuuliza maswali. Taa hii inatoa miale gani? Mtu akikaa chini yake saa nzima itakuwaje? Na akiwa mtoto mchanga? Uingereza, kwa mfano, kuna kituo cha serikali katika kijiji cha Chilton ambapo wataalamu wa aina hii wamekuwa wakipima miale ya jua kwa miaka mingi, pamoja na taa za hospitalini, vitanda vya kuchomea ngozi na vikalamu vya leza vinavyouzwa madukani. Tangu mwaka 1992 iko pia tume ya kimataifa inayoweka viwango ambavyo macho na ngozi havipaswi kuvuka. Vifaa vingi vya mwanga hospitalini hutengenezwa kwa kufuata viwango vya namna hiyo.

Tuanze na mtoto mchanga, kwa sababu hapo ndipo mwanga unaokoa maisha.

Kila wiki katika kliniki napata mama anayesema, "Sista, mtoto wangu macho ni ya manjano, nimekuwa nikimwotesha jua asubuhi." Kwanza tuelewane. Huu umanjano wa mtoto mchanga si ule ugonjwa wa homa ya manjano unaoletwa na mbu. Damu ya mtoto ina chembe nyekundu nyingi. Zikivunjika zinatoa kitu cha rangi ya manjano kinachoitwa bilirubini. Ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kukiondoa haraka, kwa hiyo kinajaa kwenye damu na kuonekana kwenye macho na ngozi. Kwa watoto wengi kinapungua chenyewe baada ya siku chache. Lakini kikizidi sana kinaingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au akapona akiwa kiziwi, au asiweze kushika shingo wala kutembea vizuri maisha yake yote. Na akishafika hapo, hakuna dawa ya kurudisha ubongo ulivyokuwa.

Sasa sikiliza jinsi tiba yake ilivyopatikana, kwa sababu ni habari inayonifurahisha kila nikiisimulia. Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Uingereza, alikuwepo muuguzi aliyeitwa Jean Ward. Alikuwa msimamizi wa wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na alipenda kuwatoa nje siku za jua wapate hewa safi. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepungua umanjano, isipokuwa sehemu moja iliyobaki ya manjano sana. Sehemu hiyo ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Baadaye kichupa cha damu ya mtoto kikaachwa dirishani juani, na kilipopimwa bilirubini ilikuwa imeshuka. Hapo ndipo Daktari Cremer na wenzake walipoanza kutafuta kwa makini, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao juu ya tiba ya mwanga. Jicho la muuguzi ndilo lililoanzisha yote hayo. Wauguzi wenzangu mnaosikiliza, mmesikia.

Wanasayansi wa mwanga wakaendelea kuuliza: ni rangi gani hasa inayofanya kazi? Ikaonekana kwamba ni buluu. Mwanga wa buluu unaibadilisha bilirubini iliyoko chini ya ngozi iwe katika umbo ambalo mwili unaweza kulitoa kwa choo na mkojo. Kwa hiyo zile taa za buluu unazoziona wodini hazichagui rangi hiyo kwa urembo. Na zimetengenezwa zisitoe ile miale ya urujuanimno inayochoma. Mama mmoja aliniuliza kama mtoto wake "atapikwa". Hapana, mama, hapikwi. Tunamvua nguo na kumwacha na nepi peke yake ili mwanga ufike sehemu kubwa ya ngozi, tunamfunika macho, tunampima joto la mwili mara kwa mara, nawe unamnyonyesha kila baada ya masaa 2 au 3. Usishtuke ukiona choo chake ni laini na cha kijani. Ni ile bilirubini inatoka.

Lipo jambo moja ambalo jicho haliwezi kuliona. Taa ikizeeka inaendelea kuwaka na kung'aa kama kawaida, lakini nguvu yake ya buluu inakuwa imepungua. Ndiyo maana kuna kifaa cha kupimia taa hizo, na hospitali yenye kifaa hicho inajua lini ibadilishe balbu. Ukimwona fundi wa hospitali ameshika kidude juu ya kitanda cha mtoto, usimkatize. Anafanya kazi ya maana.

"Basi jua la asubuhi nalo lina buluu, kwa nini nisitumie hilo?" Swali zuri. Ni kweli jua lina buluu nyingi, tena bure. Huko Lagos, Nijeria, watafiti walitengeneza vibanda vyenye karatasi maalumu ya plastiki inayozuia miale ya kuchoma na kupunguza joto, ikapitisha buluu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa watoto ambao hali yao haikuwa mbaya sana, vibanda hivyo havikuwa duni kuliko taa walizolinganisha nazo. Lakini angalia, mama: walikuwa na karatasi iliyopimwa, walikuwa na wauguzi wa kuangalia joto la mtoto, na walipima damu. Wewe nyumbani hujui bilirubini ya mtoto ni kiasi gani. Jua la dakika 15 mlangoni haliwezi kukuambia. Kumwotesha mtoto jua la asubuhi kidogo ni desturi nzuri, hasa kwa sisi tunaokaa katika nyumba za kupanga zisizo na jua, maana jua husaidia mwili kutengeneza vitamini D na kuzuia matege. Lakini usiitumie kama tiba ya umanjano. Siku unazopoteza ukisubiri jua ndizo siku ambazo ubongo unaharibika.

Mlete mtoto hospitalini mara moja akiwa wa manjano ndani ya siku ya kwanza tangu kuzaliwa, au viganja na nyayo zikiwa za manjano, au akikataa kunyonya, akiwa mlegevu, akilia kwa sauti kali isiyo ya kawaida au akijipinda mgongo. Umanjano ukipita siku 14, au choo kikiwa cheupe, njoo pia. Kwa watoto wetu weusi ngozi inaweza kukudanganya, kwa hiyo angalia weupe wa macho, ufizi na viganja, na uangalie mchana, karibu na dirisha, si kwa mwanga wa koroboi. Tena, nguo za mtoto usiziweke pamoja na vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza wadudu. Kwa watoto wengine waliozaliwa na upungufu fulani wa damu, harufu yake inavunja chembe za damu na umanjano unapanda ghafla.

Tukitoka wodini, tuingie juani. Kuna kipimo cha ukali wa miale ya jua kinachotumiwa duniani kote, ambacho Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2002. Kikiwa 1 au 2, hakuna shida. Kuanzia 3 unahitaji kujikinga, na kuanzia 11 jua ni kali kupita kiasi. Hapa kwetu ikweta inapopita, siku isiyo na mawingu adhuhuri hufika 11 na zaidi. Ukipanda mlima miale inazidi, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo baridi ya Limuru au Nyahururu isikudanganye. Huna kifaa? Angalia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua ni kali, tafuta kivuli. Hata mtoto wa nasari anaweza kufundishwa hilo.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna kinga ya asili, ingawa macho yetu hayana. Mtoto mwenye ualbino hana kinga hiyo kabisa. Nitasema wazi, kwa sababu bado nasikia maneno mabaya sokoni: ualbino si laana, wala si dalili kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Ni urithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kinachowaua wengi wao wakiwa bado vijana ni saratani ya ngozi, na saratani hiyo inaweza kuzuiwa. Anza akiwa mchanga. Kofia yenye ukingo mpana (si kepi, maana kepi inaacha masikio na shingo), nguo za mikono mirefu zilizofumwa kwa kubana, na kazi au michezo ya nje ifanyike asubuhi au jioni. Msajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na uulizie mafuta ya kukinga jua, ambayo waliosajiliwa wamekuwa wakipewa bila malipo kupitia hospitali za umma. Yapakwe tena kila baada ya masaa 2 akiwa nje. Kidonda usoni au sikioni kisichopona kwa mwezi mmoja kionwe na daktari. Mwalimu naye aombwe amkalishe mbele, mbali na dirisha lenye jua.

Mama mwenye kibanda karibu na mafundi wa jua kali, hili ni lako. Ule mwali wa kuchomelea vyuma una urujuanimno mwingi sana. Mtoto akisimama kuutazama hatasikia kitu wakati huo. Usiku, baada ya masaa 6 hadi 12, ataamka akilia kwamba macho yana mchanga. Usimtie maziwa ya mama, wala viazi, wala dawa uliyoachiwa na jirani. Mfunike macho kwa kitambaa safi chenye maji baridi, umpe dawa ya maumivu ya watoto, na umpeleke hospitalini kesho yake asubuhi. Mara nyingi hupona kwa siku 1 au 2. Miwani nyeusi ya bei rahisi isiyozuia urujuanimno haimsaidii fundi wala mtoto. Giza lake linaifanya mboni ipanuke na miale iingie zaidi.

Kikalamu cha leza si kitu cha kuchezea. Mwali wake ukiingia jichoni moja kwa moja, jicho lenyewe linaukusanya mahali pamoja nyuma, na linaweza kuacha kovu la kudumu katikati ya kuona. Uingereza watoto wameumia hivyo. Na zile taa za kuua viini zilizouzwa sana wakati wa korona mwaka 2020, msizielekeze kwenye mikono wala kwa mtoto.

Mwisho, msikilizaji mmoja ameuliza kuhusu kupatwa kwa jua. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na hapa Kenya tutaliona likifunikwa sehemu. Watoto watataka kulitazama. Sehemu ya nyuma ya jicho haina maumivu, kwa hiyo mtoto anaweza kuiunguza huku anacheka. Filamu ya eksirei, kioo cha moshi na beseni la maji havitoshi. Chukua karatasi ngumu, toboa tundu moja kwa sindano, wape watoto jua mgongo, na acha mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi nyeupe iliyoko chini. Wataliona jua dogo pale kwenye karatasi, limemegwa upande mmoja kama chapati.