Tunapongoja Majibu ya Damu

Huenda u mzazi ambaye mtoto wako wa kiume aling'olewa jino, na damu ikachuruzika mpaka siku ya pili. Au goti lake limevimba na kupata moto, wala hakuanguka po pote. Ulimpeleka zahanati, daktari akamtazama, akataja neno usilolijua: himofilia. Kisha akakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Tangu siku ile hulali. Usiku waamka kumsikiliza mtoto kama anapumua, na mchana jembe lakulemea mkononi.

Kwanza, jua ya kuwa daktari hakusema mtoto anao ugonjwa huo. Alisema apimwe. Damu isiyokatika upesi ina sababu nyingi, na nyingine ni nyepesi kuliko hiyo. Himofilia ni adimu: aina yake inayoonekana zaidi humpata mtoto wa kiume mmoja hivi katika kila 5,000 wanaozaliwa, na aina ya pili ni adimu kuliko hiyo. Lakini twajua hesabu hizi hazimtulizi mama. Yeye anamhesabu mmoja tu.

Afadhali basi uujue ugonjwa wenyewe, maana kitu kisichojulikana hutisha mara mbili. Mmepata kujenga kanisa kigangoni? Watu husimama mstari, wakipokezana matofali mkono kwa mkono mpaka kwa fundi. Mtu mmoja akiondoka katikati, matofali yanalundikana pale na ukuta haupandi. Ndivyo damu inavyoganda. Ndani yake zimo protini zinazopokezana kazi, na wataalamu wamezipa namba. Mwenye himofilia amepungukiwa na ya 8 au ya 9. Kwa hiyo damu yake haitoki kwa kasi kuliko yako. Hukawia tu kukatika. Mkwaruzo wa mwiba si kitu. Hatari kubwa ni damu inayovuja ndani, katika magoti, viwiko, misuli, na zaidi kichwani.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula wala kulala pamoja. Mtoto huzaliwa nao, na kwa kawaida hupitia kwa mama, ingawa yeye mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili kubwa. Hapa ndipo nyumba nyingi huanza kubomoka. Mume hununa, mawifi hunong'ona, na mtu fulani hutaja uchawi. Enyi akina baba, sikilizeni: mama hakuchagua. Alipokea kutoka kwa wazazi wake kama alivyopokea rangi ya macho. Tena karibu mtoto mmoja katika kila watatu huzaliwa na himofilia katika ukoo usiopata kuwa nayo. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na mbegu yake bila kujua. Mwanawe Leopold alifariki mwaka 1884 baada ya kuanguka, na kitukuu chake Alexei, mwana wa mfalme wa Urusi, aliteswa nayo tangu utoto. Ni nani aliyemroga malkia?

Na kuhusu jando. Wazee wanangoja msimu, mbuzi amekwisha tengwa, nawe waona haya kusema mtoto asubiri. Mwambie babu yake habari hii ya kale. Huko Sefori, mji ulio karibu na Nazareti, walikuwako ndugu wanne wa kike. Wa kwanza alimtahiri mwanawe, akafa. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Wa nne akaenda kwa mwalimu wa sheria, naye akamwambia asimtahiri. Habari hiyo imo katika Talmudi ya Wayahudi, watu ambao kwao tohara ni agano na Mungu. Ikiwa wao waliweza kungoja, sisi nasi twaweza kungoja karatasi ya hospitali. Babu mwenye busara ataelewa. Asiyeelewa, Padre na aongee naye.

Siku za kungoja zina kazi zake, na kazi hupunguza hofu. Usimpe mtoto aspirini wala diklofenaki, hata goti likimuuma namna gani, kwa kuwa dawa hizo huzidisha kutoka damu, parasetamoli yafaa. Kabla ya sindano yo yote, mwambie muuguzi kuna shaka gani. Usikubali achanjwe chale wala kukatwa kimio. Goti likivimba, apumzike, mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi. Akijigonga kichwa, usingoje kuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Andika katika daftari kila mara alipotoka damu: siku gani, mahali gani, kwa muda gani. Waulize na wajomba zake walikuwaje utotoni. Daftari hilo litamsaidia daktari sana, nawe utaona ukiandika kwamba moyo umetulia kidogo.

Omba pia, lakini usifanye biashara na Mungu, wala usiuze ng'ombe kwa kila anayejidai kuponya. Mwinjili Marko amesimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyetumia mali yake yote kwa waganga bila nafuu. Yesu hakumlaumu hata kidogo.

Hospitalini watachukua damu kidogo, waitazame inaganda kwa muda gani, kisha wapime protini yenyewe. Ikiwa sivyo, mshukuru Mungu, lakini uliza basi damu ilitoka kwa nini. Ikiwa ndivyo, utalia, na ni haki yako. Hata hivyo mtoto huyo si maiti. Dawa ipo: protini anayopungukiwa hutiwa katika mshipa wake. Haiondoi ugonjwa, ila hukata damu na kumwezesha kusoma na kukua. Ni ya bei kubwa, na nyingi hufika katika nchi zetu kama msaada wa Shirikisho la Himofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa juhudi za Frank Schnabel, mfanyabiashara wa Montreal ambaye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili inawatibu wagonjwa hawa.

Siku ya majibu nendeni wawili, baba na mama, maana mtu mmoja mwenye hofu husikia nusu tu ya maneno. Ulizeni ni aina gani, ni kali kiasi gani, dawa yapatikana wapi iliyo karibu, na mwalimu wake aambiwe nini. Ombeni yaandikwe kwenye karatasi. Na kabla ya kupanda basi la kurudi, chukueni namba ya simu ya kliniki, muiandike ndani ya kadi ya mtoto.