UZI: Soros ni nani, na kwa nini jina lake haliishi kwa mijadala yetu?

Kukiwa na maandamano Nairobi ama kesi ya katiba kortini, hakosi mtu wa kusema "hao wamelipwa na Soros." Ukimuuliza Soros ni nani hasa, kimya. Hebu tuangalie. Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama.

George Soros alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka wa 1930, kwa familia ya Kiyahudi. Wanazi walipoingia 1944 alikuwa na miaka 13. Familia iliponea kwa vitambulisho bandia. 1947 akaenda London, akasoma London School of Economics huku akifanya vibarua vya kubeba mizigo kwa reli na kuhudumu mikahawani. 1956 akahamia New York.

Sasa pesa. Chukulia umekopa kwa jirani magunia 10 ya mahindi, gunia likiwa 5,000. Unauza yote, unapata 50,000. Bei ikishuka hadi 3,000, unanunua magunia 10 kwa 30,000, unamrudishia jirani mahindi yake, unabaki na 20,000. Bei ikipanda, umeisha.

Soros alifanya hivyo na pauni ya Uingereza. Serikali ya huko ilikuwa imeshikilia pauni kwa bei ambayo uchumi haungeweza kuibeba. Tarehe 16 Septemba 1992 ikashindwa kuitetea, ikaiachilia. Mfuko wake ulipata kama dola bilioni 1 hivi. Hakuwa peke yake, wengi waliuza siku hiyo, lakini hasara ilibebwa na mlipa ushuru wa Uingereza. Na si malaika: 2002 korti ya Paris ilimpata na hatia ya kununua hisa za benki akiwa na habari za ndani, biashara ya 1988.

Siasa je? Hapa ndipo watu huchanganya, manake ana mifuko miwili.

Wa kwanza ni wa misaada. Alianza 1979 kwa kuwalipia karo wanafunzi weusi Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Leo ni Open Society Foundations, ambayo imekuwa na ofisi hata hapa Nairobi. 2017 ilijulikana ameihamishia dola bilioni 18. Tangu Desemba 2022 mwanawe Alex ndiye mwenyekiti wa bodi yake.

Wa pili ni wa kampeni, na huo ni wa Marekani, kwenye yeye ni raia. 2004 alitoa zaidi ya dola milioni 20 kujaribu kumwondoa rais aliyekuwa madarakani. Hakufaulu. Kwa uchaguzi wa 2022 akatoa milioni 125.

Kenya, Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakataza chama kupokea pesa za mtu asiye raia. Shirika la haki kupata msaada wa wakfu wake ni jambo lingine. Linaweza kuwa kweli, na si kosa. Serikali yenyewe hupokea misaada ya wafadhili wa nje kila mwaka. Lakini "vijana wamelipwa waandamane" ni dai la kuthibitishwa: nani alitoa, nani alipokea, lini? Bila hayo ni njia ya kukwepa swali la waandamanaji. Na ile hadithi ya Myahudi tajiri anayeendesha dunia kwa siri ni uzushi wa zamani sana, umeua watu. Tusiusambaze.

Kuna swali halali lakini: tajiri mmoja ambaye hakuna aliyempigia kura aamue ni mambo gani yapate pesa? Mimi naona liulizwe. Na liulizwe pia kwa matajiri wetu. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ilipitishwa 2013, na mpaka sa hii viwango vyake havijawahi kutumika kwa uchaguzi mkuu hata mmoja. Zile milioni 125 za Marekani ziliandikishwa, ukitaka unazisoma. Aliyelipia helikopta ya mgombea wako hapa nyumbani, huna pahali pa kumsoma.