Kisamvu, Sombe, Katapa

Mwanafunzi wa kilimo cha bustani anapoanza mafunzo kwa vitendo katika shamba la chuo, jembe halimsumbui kama maneno. Darasani aliandika "mboga za majani". Shambani anatumwa kuchuma kisamvu. Tumfikishe Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, ambako muhogo ni chakula kikuu: majani yale yale, kwa Kibemba, ni katapa. Akivuka ziwa hadi Kilwa ya Kongo, Kiswahili cha huko kinasema sombe. Hili si suala la msamiati tu. Majani mabichi ya muhogo yana sayanidi, ambayo ni sumu. Ndiyo maana hutwangwa, kisha huchemshwa sana. Anayemwandikia mkulima maelekezo bila kulijua jina la mahali (nasi walimu wa lugha tumo) huenda asieleweke penye hatari hasa.