Kikohozi cha mutoto usiku: mbele ya siro, tuangalie hewa ya nyumba

Mu mwezi wa sita na wa saba, wakati kipwa iko na baridi yake, ba mama wengi wa Kasomeno hawalali. Mutoto wa mwaka moja ao miwili anacheza mchana kutwa, anakula bukari, anakimbiza kuku mu kiwanja. Jua likishuka na akilazwa, kikohozi kinaanza. Saa sita ya usiku anakohoa, saa nane anakohoa, saa kumi anatapika maziwa yote. Asubuhi anaamka na kucheka, lakini mama hana nguvu, na papa anaenda kuendesha kamyo ya tani makumi na macho mekundu.

Watu wanafikiri kwamba sisi wa sendika ya migodi tunajua tu habari ya mshahara na bote. Lakini mu mikutano yetu ba papa wanaleta maneno ya nyumbani, na hii ya kikohozi inarudi kila kipwa. Tumeona kwamba ni neno la kazi pia. Tueleze kwa nini.

Kwa nini usiku

Kikohozi chenyewe si adui. Njo fagio la kifua: kinatoa makohozi na uchafu. Mara nyingi kinatoka ku mafua ya kawaida, na mutoto mudogo anaweza kupata mafua mara sita ao nane kwa mwaka, hata zaidi. Akilala, maji ya pua yanashuka ku koo, hewa ya baridi inakausha njia ya pumzi, na kikohozi kinazidi. Mafua ya namna hii yanaletwa na virusi. Antibiotiki haiyaponyeshi. Kikohozi kinaweza kukaa wiki mbili, hata tatu, kiisha kinaisha chenyewe.

Kumusaidia hakuombi feza nyingi. Aendelee kunyonya, anywe maji ya vuguvugu mara kwa mara. Pua ikifungana, matone machache ya maji iliyochemshwa, ikapozwa na kutiwa chumvi kidogo, yanafungua. Mutoto aliyepita mwaka moja anaweza kupewa nusu kijiko kidogo cha asali mbele ya kulala. Asali ya pori yetu inafaa. Lakini mutoto ambaye hajatimiza mwaka moja asipewe asali hata kidogo, sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kushinda.

Simu inatosha kuhesabu pumzi

Swali la mama usiku ni hili: tungojee asubuhi ao twende sasa? Kuna njia ambayo waganga wanafundisha ba relais wa mu vijiji, na kila muzazi anaweza kuijua. Ngoja mutoto atulie, afazali amelala. Inua shati yake, angalia tumbo na kifua, na uhesabu mara ngapi vinapanda kwa dakika moja nzima. Saa ya simu inatosha.

Mutoto wa mwaka moja mpaka mitano: pumzi 40 ao zaidi kwa dakika ni mbio. Wa miezi miwili mpaka mwaka moja: 50 ao zaidi. Wa chini ya miezi miwili: 60 ao zaidi, na huyo hangojei kabisa. Pumzi ya mbio pamoja na kikohozi inaweza kuwa nimonia, na nimonia inataka munganga. Dawa yake ya kwanza, amoksisilini ya watoto, si ya bei kali, ila inapashwa kutolewa kwa kipimo cha uzito wa mutoto.

Kuna alama zingine za kuondoka usiku uleule, hata kama ni na pikipiki: chini ya mbavu panaingia ndani kila anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya ao kunywa, anatapika kila kitu, anashikwa na degedege, analegea na haamki vizuri, midomo inakuwa ya bluu, ao anatoa sauti ya kukwaruza wakati anavuta pumzi akiwa ametulia. Na kama kikohozi kilianza gafula wakati mutoto alikuwa anakula kalanga ao kuchezea mbegu, mwambie munganga neno hilo la kwanza. Pengine kalanga iko ndani ya njia ya pumzi.

Kikohozi cha mfululizo, mutoto anakosa pumzi, anavuta hewa kwa sauti ya juu na kutapika, kinaweza kuwa kifaduro, ile tunaita coqueluche. Chanjo yake inapewa mutoto ku wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tuangalie karatasi ya chanjo. Kama imebaki nafasi tupu, twende tuulize.

Mbabula ibaki inje

Sasa tuingie mu nyumba. Baridi ya kipwa inatufanya tuingize mbabula ndani, tufunge mlango, tuzibe dirisha na nguo. Mutoto analala karibu na moto, pale hewa iko mbaya. OMS inahesabu kwamba moshi ya jikoni ya kuni, makala na mafuta iliua watu milioni 3,2 mu dunia nzima kwa mwaka wa 2020, na kati yao watoto zaidi ya 237.000 walikuwa chini ya miaka mitano. Moshi inachoma njia ya pumzi na kufungulia nimonia mlango.

Wengi wanasema: sisi tunawasha inje, tunaingiza makala ikiwa nyekundu, haina tena moshi. Hapo njo hatari ingine. Makala nyekundu inatoa gazi ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi. Mu nyumba iliyofungwa inaweza kuua watu wote wanaolala. Sisi wa mugodi tunafundishwa kuogopa gazi isiyoonekana chini ya udongo. Tusiilete wenyewe ku kitanda cha mutoto. Mbabula ibaki inje. Ndani tuongeze blanketi, tumuvalishe soksi na kofia, tuache nafasi ya hewa juu ya dirisha. Na papa anayevuta sigara atoke.

Vumbi inayokuja na papa

Kasomeno iko pale barabara ya kutoka Lubumbashi inagawanyika, mukono moja unaenda Kasenga, mwingine unapanda Pweto. Makamyo yanapita, na wakati wa kipwa vumbi yao inaingia mu sufuria na mu pua za watoto. Hiyo kila mutu anaiona.

Vumbi ingine haionekani. Ni ile ya salopeti. Papa anarudi kutoka ku mugodi na nguo ya kazi, mutoto anamukimbilia, anamushika miguu, analala juu ya kifua chake. Mwaka wa 2009 waganga wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Leuven, ku Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wale wanaoishi chini ya kilometa 3 ya migodi ao ya viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana, na watoto walikuwa na nyingi kupita wakubwa. Hatusemi kwamba kila kikohozi kinatoka ku kobalti. Tunasema kwamba vumbi ya kazi inafika mu mwili wa mutoto ambaye hajawahi kukanyaga mugodi.

Na kuna neno zito zaidi. Vumbi ya mawe yenye silika inaharibu mapafu ya muchimbaji na kumufanya apate kifua kikuu kwa urahisi. Papa anayekohoa wiki mbili bila kupimwa anaweza kuambukiza mutoto anayelala naye. Kwa hiyo, kama kikohozi cha mutoto kimepita siku 14, kama anakonda, kama mukubwa mu nyumba anakohoa pia, wapimwe wote wawili. Dawa ya kifua kikuu ni ya bure mu inchi yetu. Haya isitufunge kinywa.

Siro ya sokoni

Mutoto akikohoa, kitu cha kwanza tunakimbilia ni siro. Tuangalie. Mu mwezi wa 10 wa 2022, OMS ilitoa onyo juu ya siro ine zilizopatikana ku Gambia. Ndani yake mulikuwa dietileni glikoli na etileni glikoli, vitu vya aina ile inayotiwa mu maji ya radiatere, na vinaua mafigo. Mwanzo wa 2023 OMS ilisema watoto zaidi ya 300 walikufa mu inchi tatu, Gambia, Indonesia na Uzbekistan, wengi wao chini ya miaka mitano. Mwaka uleule, siro mbaya ilipatikana ku Kameruni pia.

Na hata siro isiyo na sumu haiponyeshi sana kikohozi cha mafua. Yenye kodeini haifai kabisa kwa mutoto. Chupa isiyo na jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha, irudishe. Vilevile tuache kupeleka watoto kukatwa kilimi, ile wenzetu wa Tanzania wanaita kimeo. Kinatoa damu, kinaleta maambukizo, na kikohozi kinabaki palepale.

Haki ya mutoto wa mufanyakazi

Wazee wetu wa Union Minière, kiisha wa Gécamines, walizoea kusema kwamba kampani njo baba, njo mama. Mutoto alipimwa uzito, alilazwa ku lopitali ya kampani. Haikuwa huruma tu. Patro alitaka wafanyakazi wa kesho. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines kwa ile « départs volontaires », na jamaa nyingi zilipoteza munganga siku ileile zilipoteza mshahara.

Lakini sheria haikufa. Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002 inalazimisha patro kutoa matunzo ya munganga kwa mufanyakazi na kwa jamaa yake, wakati wote wa kontra. Shida iko pale kontra inafichwa. Mugodi unaajiri kampani ndogo, kampani ndogo inaajiri watu wa siku kwa siku, na mutoto wa mutu wa siku kwa siku hana karatasi. Kipwa iliyopita mama moja wa hapa alifika na mutoto wa miezi 18 ku kliniki ya kampani moja, jina tunaliacha. Pumzi zilikuwa 56. Waliangalia liste, jina la papa halikuwemo, wakamurudisha. Wenzetu walichanga feza ya pikipiki wakamufikisha ku lopitali ingine. Mutoto alipona. Barua yetu kwa kampani ile haijajibiwa mpaka leo.

Tunaomba mambo mane. Jina la mutoto wa kila mufanyakazi, hata wa kampani ndogo, liandikwe ku kliniki siku ya kwanza ya kazi. Kila mugodi uwe na pahali pa kuogea na kubadilisha nguo, na salopeti ifuliwe kulekule. Mapatano namba 176 ya OIT, ya mwaka wa 1995 juu ya usalama wa migodi, inasema hivyo kuhusu kuoga na kubadilisha. Makamyo yapunguze mbio kijijini, na barabara imwagiwe maji wakati wa kipwa. Na wenye kufanya kazi ya vumbi wapimwe mapafu kila mwaka, wapewe matokeo yao mu mukono.

Ba papa, wakati tunangojea majibu, tuvue salopeti inje, tuoge mbele ya kumubeba mutoto. Ba mama, fundisheni pia dada mukubwa na bibi kuhesabu pumzi, sababu mara nyingi wao njo wanaobaki na mutoto. Mwenye kurudishwa ku mlango wa kliniki aandike tarehe, saa na jina la kampani, alete kwa delege wake. Karatasi hizo njo tutakazoweka juu ya meza.